Kutafuta Mapigo ya Anga: Kutoka Ziwa Victoria hadi Mvua za Lilongwe

Kila mwaka kuanzia mwezi wa Oktoba, swali moja huzunguka Dzaleka na vijiji vya Dowa vilivyo jirani nasi: mvua itaanza lini? Ikishaanza, swali hugeuka: hii ni mvua yenyewe au inatudanganya? Mkimbizi aliyekodi kipande cha shamba kwa mwenyeji, akanunua mbegu ya mahindi na mbolea kwa fedha ya kukopa, hana mbegu ya mara ya pili. Akipanda kwa mvua ya wiki moja, kisha jua likawaka wiki tatu, mwaka wake umekwisha. Wazee wana majibu yao. Wapo wanaosema ukame hurudi kila baada ya miaka saba, wapo wanaohesabu miezi ya mwandamo, na wapo wanaotazama upepo wa Septemba.

Insha hii inahusu watu waliojaribu kujibu swali hilohilo kwa hesabu. Je, anga lina mapigo yanayorudi baada ya muda fulani? Kama yapo, mtu atayatofautisha vipi na mapigo aliyoyabuni mwenyewe kichwani? Nitaonyesha kwamba sehemu ngumu ya historia hii haikuwa kugundua mawimbi. Ngumu ilikuwa kujifunza kukataa mawimbi ya uongo, na somo hilo lilipatikana kwa gharama, sehemu yake katika maziwa yetu ya Afrika Mashariki na Kati.

Mbinu inayohusika huitwa uchambuzi wa spektra. Msingi wake uliwekwa na Mfaransa Joseph Fourier, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1822 kuhusu joto alionyesha kwamba mchoro uliopindapinda ovyo unaweza kuvunjwa ukawa jumla ya mawimbi mengi yaliyo laini, kila moja na kasi yake. Anayesikiliza ngoma za Warundi hapa kambini ataelewa haraka. Kwa mbali unasikia mshindo mmoja tu. Ukikaa karibu, sikio linaanza kutenganisha: ile ya katikati inayoongoza, zile zinazoshika mwendo bila kubadilika, zile zinazojibu. Spektra hufanya kazi ya sikio hilo. Unaipa safu ndefu ya vipimo, tuseme mgandamizo wa hewa wa kila siku kwa miaka kumi, nayo inakuambia ni kiasi gani cha kupanda na kushuka kunatokana na mapigo ya siku 5, kiasi gani na ya siku 30, kiasi gani na ya mwaka mzima. Mwaka 1898 Arthur Schuster, aliyekuwa akifundisha Manchester, aliigeuza fikra hiyo kuwa chombo cha kuwindia vipindi vilivyojificha katika takwimu za hali ya hewa. Hesabu zote zilifanywa kwa mkono. Kuchunguza safu moja kungeweza kumchukua karani wiki nyingi.

Chombo hicho kilipatikana wakati ambapo watu walitamani sana kuona mizunguko, na mzunguko uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa madoa ya jua, ambayo huongezeka na kupungua kwa takriban miaka 11. Ziwa Victoria lilikuwa limeanza kupimwa kimo cha maji yake mwishoni mwa karne ya 19, na baada ya reli kutoka Mombasa kufika ziwani mwaka 1901 vipimo hivyo vikawa jambo la biashara, kwa kuwa meli na bandari zilitegemea kimo hicho. Mwaka 1923 mtaalamu wa Kiingereza, C. E. P. Brooks, alilinganisha kimo cha Ziwa Victoria na Ziwa Albert na hesabu ya madoa ya jua. Mistari miwili ilikwenda pamoja kwa namna ya kushangaza: jua likipata madoa mengi, ziwa linapanda, yakipungua, ziwa linashuka.

Huku kwetu Malawi, wakati huo Nyasaland, habari hizo hazikuwa za kujifurahisha tu. Ziwa Nyasa lilikuwa limeshuka hivi kwamba kuanzia mwaka 1915 Mto Shire, ambao ndio mdomo wake pekee, uliacha kupokea maji ya ziwa. Mchanga na matete viliziba mlango wa mto, na hali hiyo iliendelea mpaka miaka ya 1930. Vyombo vya majini vilikwama, na watu wa bondeni waliona mto waliouzoea ukigeuka vidimbwi. Mwaka 1924 mjiolojia Frank Dixey, aliyefanya kazi Nyasaland, aliandika katika jarida la Nature kuhusu kimo cha ziwa, mvua na madoa ya jua. Kama jua lingeweza kutabiri maziwa, serikali ingejua miaka mingi kabla lini maji yatarudi.

Lakini jua halikutabiri. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, Ziwa Victoria na madoa ya jua viliachana, kila kimoja kikashika njia yake. Pigo la mwisho lilikuja mwaka 1961, mvua kubwa ziliponyesha Afrika Mashariki na ziwa likapanda kwa zaidi ya mita 2 kufikia mwaka 1964. Katika miaka hiyohiyo madoa ya jua yalikuwa yakipungua kutoka kilele chao cha miaka ya 1957 na 1958. Ziwa lilipanda jua likishuka.

Kosa lilikuwa wapi? Brooks hakudanganya, namba zake zilikuwa za kweli. Tatizo ni kwamba kutoka 1896 hadi 1922 ni miaka 26, na mzunguko wa miaka 11 hauwezi kuonekana humo zaidi ya mara mbili na kitu. Mtu akikutana na jirani yake sokoni Jumanne mbili mfululizo, hawezi kuapa kwamba jirani huja kila Jumanne.

Aliyeliona tatizo hili mapema kuliko wengi ni Gilbert Walker, mwanahisabati wa Kiingereza aliyeongoza idara ya hali ya hewa ya India kutoka 1904 hadi 1924. Alipewa kazi hiyo baada ya njaa za kutisha zilizofuata kukosekana kwa mvua za masika ya India, na alitakiwa kuzitabiri. Mwaka 1914 aliandika juu ya vigezo vya kupima ukweli wa mizunguko. Hoja yake naiweka kwa maneno yangu hivi: ukichunguza vipindi ishirini na kuchagua kilichojitokeza kwa nguvu kuliko vyote, usikilinganishe na kipindi cha kawaida cha bahati nasibu. Kilinganishe na kile ambacho bahati nasibu ingekupa kama kikubwa kuliko vyote kati ya ishirini. Mshindi wa mbio lazima awe na kasi kuliko mtu wa wastani, hata kama wakimbiaji wote ni wagonjwa. Kwa maoni yangu sentensi hiyo ndogo ya hesabu ina thamani kuliko nusu ya mizunguko iliyotangazwa katika karne nzima ya 19.

Mwaka 1927 Mrusi Eugen Slutsky aliongeza chumvi kwenye kidonda. Alichukua namba za bahati nasibu ya serikali, akazijumlisha kwa mafungu yanayosogea, na yakatokea mawimbi mazuri yenye vilele na mabonde, yanayofanana kabisa na mizunguko ya biashara iliyokuwa ikiandikiwa vitabu. Nilitaka kuona kwa macho yangu. Nilirusha sarafu ya kwacha 10 mara 200, nikaandika 1 kwa upande mmoja na 0 kwa upande wa pili, kisha nikachukua wastani wa kila namba kumi zinazofuatana na kuchora kwenye karatasi ya grafu. Jirani yangu mmoja alipita, akainama kutazama, akauliza hiyo ni mvua ya wilaya gani. Aliona ndani yake miaka ya njaa na miaka ya shibe, tena akanionyesha kwa kidole.

Wakati watu wa ardhini wakihesabu madoa ya jua, juu ya Ziwa Victoria lenyewe kulikuwa na pigo la kweli, na mtu alikuwa ameligusa bila kulitambua. Mwaka 1908 chuo cha uchunguzi wa anga cha Lindenberg, Ujerumani, kilimtuma Arthur Berson Afrika Mashariki. Berson hakuwa mtu wa mezani. Mwaka 1901 yeye na Reinhard Süring walipanda kwa puto hadi mita 10,800, wakazimia njiani kwa kukosa hewa, na wakashuka hai. Safari hii alirusha maputo yaliyobeba vyombo vya kupimia juu ya ziwa na katika maeneo mengine ya koloni hilo. Alikuta kwamba hewa ya juu sana kwenye ikweta ni baridi kuliko ya Ulaya kwa kimo hichohicho, jambo lililokwenda kinyume na akili ya wengi. Alikuta pia, kwenye kimo kinachokaribia kilomita 20, upepo unaotoka magharibi.

Upepo huo ulileta fumbo. Mlima Krakatoa ulipolipuka Agosti 1883, vumbi lake lililofika juu sana liliizunguka dunia katika ukanda wa ikweta kwa muda wa wiki mbili hivi, likitokea mashariki kwenda magharibi. Basi juu ya ikweta upepo hutoka mashariki au magharibi? Kwa miaka hamsini wataalamu walijaribu kuwaridhisha wote wawili: walichora pepo za Krakatoa na, chini au katikati yake, utepe mwembamba wa pepo za Berson, kama vile zote zipo wakati wote. Ilikuwa suluhu ya kiungwana, nayo haikuwa sahihi.

Jibu lilingoja vipimo vya mfululizo. Baada ya Vita Kuu ya Pili vituo vya kurusha maputo kila siku viliongezeka katika tropiki, na kufikia mwaka 1960 na 1961 Richard Reed wa Marekani, na kwa upande wao R. A. Ebdon na R. G. Veryard wa Uingereza, walionyesha kwamba pepo hizo hupokezana. Upepo wa magharibi hutawala kwa mwaka mmoja na zaidi, kisha wa mashariki unashika zamu, na mzunguko mzima huchukua wastani wa miezi 28 hivi. Kila zamu huanzia juu na kuteremka kama kilomita moja kwa mwezi. Krakatoa ilikuwa kweli na Berson alikuwa kweli. Walifika zamu tofauti. Hakuna ziara moja, hata ya mtu hodari namna gani, ambayo ingeliona jambo hilo. Lilihitaji makarani wasio na jina waliorusha puto asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka.

Kinachosukuma zamu hizo ni mawimbi, na hapa ndipo hesabu na nadharia zilipokutana. Mwaka 1966 Mjapani Taroh Matsuno alitatua milinganyo ya hewa katika ukanda wa ikweta na kuonyesha aina za mawimbi yanayoweza kuishi humo: mengine hukimbilia mashariki, mengine magharibi, kwa sababu kuzunguka kwa dunia huyafunga karibu na ikweta kama maji ndani ya mfereji. Mwaka huohuo Michio Yanai na Taketo Maruyama walitangaza kuona aina mojawapo katika vipimo vya maputo ya Pasifiki, na mwaka 1968 John Wallace na Vernon Kousky wakaiona nyingine, ile iitwayo wimbi la Kelvin, inayokwenda mashariki. Mwaka huo wa 1968 pia Richard Lindzen na James Holton walieleza jinsi mawimbi yanayopanda kutoka chini yanavyoweza kugeuza upepo wa juu. Kwa hiyo miaka sitini baada ya Berson, upepo wake ulipata sababu.

Kitu kingine kilichobadilika ni mashine. Mwaka 1965 James Cooley na John Tukey walichapisha njia ya mkato ya kukokotoa mawimbi ya Fourier kwa kompyuta, na kazi iliyokuwa ya wiki ikawa ya dakika. Hatari yake iko wazi: mtu anaweza sasa kutafuta mizunguko elfu moja kabla ya chakula cha mchana, na onyo la Walker linakuwa kali mara elfu.

Ndiyo maana napenda sana namna Roland Madden na Paul Julian walivyofanya kazi yao mwaka 1971 huko Boulder, Colorado. Walikuwa na takwimu za karibu miaka 10 za kisiwa cha Canton katika Pasifiki. Katika spektra kulijitokeza kilele ambacho nadharia haikuwa imekitabiri, kati ya siku 40 na 50. Wangeweza kushangilia. Badala yake walikihoji kilele hicho kama mpelelezi anavyomhoji shahidi. Je, upepo wa chini unakionyesha? Ndiyo. Upepo wa juu? Ndiyo, lakini kinyume: wa chini ukivuma upande mmoja, wa juu unavuma upande wa pili. Mgandamizo wa hewa je? Nao unapanda na kushuka kwa kufuata upepo wa chini. Vyombo vitatu vilivyotoa ushahidi mmoja unaolingana kimaumbile ni vigumu kuwa bahati nasibu. Na piga hesabu: miaka 10 ina siku 3,650, na pigo la siku 45 hurudi humo mara 81. Brooks alikuwa na mara mbili na kitu.

Mwaka 1972 wakapanua uchunguzi kwa vituo vingi vya tropiki na kuonyesha kwamba ni mzunguko mkubwa wa hewa unaosafiri kuelekea mashariki kuizunguka dunia, ukibeba mawingu ya mvua hasa juu ya Bahari ya Hindi na Pasifiki ya magharibi. Leo unaitwa kwa majina yao wote wawili. Mwendo wake ni wa polepole, karibu mita 5 kwa sekunde, yaani baiskeli isiyo na haraka kwenye barabara ya Dowa ingekwenda nao sambamba.

Satelaiti zilimaliza mashaka yaliyobaki. Mwaka 1999 Matthew Wheeler na George Kiladis walichukua miaka 18 ya vipimo vya joto linalotoka duniani kwenda angani, vinavyoonyesha mahali penye mawingu marefu, wakayavunja kwa muda na kwa nafasi pamoja, wakitenganisha yanayokwenda mashariki na yanayokwenda magharibi. Kisha wakagawanya kwa kelele ya kawaida ya anga, ile ambayo ingekuwapo hata bila mawimbi. Walichobaki nacho kilikaa juu ya mistari ambayo Matsuno aliichora kwa kalamu mwaka 1966. Sijui picha nyingine katika sayansi ya hali ya hewa inayonipa utulivu kama hiyo.

Wataalamu wa ukanda wetu hawakukaa pembeni. Mwaka 1976 Henning Rodhe na Hassan Virji walichambua spektra za mvua za Afrika Mashariki na kukuta vilele vya miaka miwili na kitu, mitatu na nusu, na zaidi ya mitano. Laban Ogallo wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliendeleza kazi hiyo katika miaka ya 1980. Mwaka 2006 Benjamin Pohl na Pierre Camberlin walionyesha kwamba wimbi la Madden na Julian hugusa mvua za Kenya na Tanzania, lakini hatua yake inayoleta mvua nyanda za juu siyo ile inayoleta mvua pwani.

Kwa mkulima wa Dowa, nini kimebadilika? Kidogo, ila kidogo chenye maana. Msimu wetu ni Novemba hadi Aprili, na kinachoua mahindi mara nyingi siyo upungufu wa mvua kwa jumla. Ni wiki mbili au tatu za ukavu mwezi wa Januari au Februari, mahindi yanapotoa maua. Msimu wa 2023/24, wenye El Niño, uliharibika hivyo, na Machi 2024 rais alitangaza hali ya maafa katika wilaya 23 kati ya 28. El Niño hutoa onyo la miezi. Mawimbi ya siku 40 au 50 yanaweza kutoa onyo la wiki mbili tatu, muda ambao mtu anayesubiri kuweka mbolea anauhitaji. Lakini onyo hilo ni la uwezekano, na huku mbali na ikweta alama ya wimbi ni hafifu kuliko Nairobi. Anayekuambia mvua itanyesha Lumbadzi Jumatano ijayo kwa sababu wimbi limefika Bahari ya Hindi, mwombe akuonyeshe vilele vyake vyote, siyo kile kirefu tu.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mtu aliyezaliwa Kivu hawezi kulipita. Spektra inataka safu isiyokatika. Ukikosa siku chache unaweza kuziba. Ukikosa miaka, mapigo marefu yanapotea au yanajibadilisha sura. Sasa tazama ramani ya vituo vya mvua vya Kongo: vilikuwa vingi wakati wa ukoloni, vikapungua baada ya 1960, na vita vya miaka ya 1990 vikamaliza vingi vya mashariki. Mwangalizi wa kituo naye hukimbia. Chombo kinabaki kwenye nguzo yake kikijaa maji mpaka mtu akione kuwa ndoo nzuri. Dzaleka yenyewe, gereza la zamani la Kamuzu Banda lililogeuzwa kambi mwaka 1994 kwa ajili ya watu elfu kumi na kitu na sasa lenye zaidi ya 50,000, imejaa watu waliotoka katika mapengo hayo ya takwimu. Kwa miaka yetu ya njiani, wachambuzi hutumia satelaiti na makadirio ya kompyuta. Yanatosha kuona wimbi likipita juu ya bonde la Kongo. Ni mvua ngapi ilianguka Fizi au Masisi siku ile, hakuna aliyekuwapo kuiandika.